Kutoka Bandari ya Malindi, Unguja, hadi Behewa la Kulala: Maswali ya Wazanzibari Kuhusu Safari za Treni za Usiku

Nilikuwa na miaka 19 nilipopanda treni kwa mara ya kwanza, nikienda kusoma Tabora. Mpaka siku ile sikuwahi kuiona reli kwa macho yangu. Bibi alinifungia mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga, akanipa na udi wa kujifukiza, kama kwamba naenda Muscat. Tangu hapo nimesafiri mara nyingi kwa reli za bara, na kila nikirudi Unguja au nikienda Pemba kuona jamaa, watu wananiuliza yaleyale. Haya ndiyo majibu yangu.

Bara kuna mabasi na ndege. Kwa nini mtu ajitese kwa treni siku mbili?

Kama una haraka, usipande. Nasema hivi mwanzo ili asije mtu akanilaumu. Basi la Mbeya linafika mapema kuliko treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, hiyo tofauti ndiyo imezidi.

Lakini kwenye basi unakaa umekunja magoti saa kumi na kitu. Treni unaihamia. Una kitanda, una dirisha, una pahala pa kunyoosha miguu, una majirani. Mtoto anatembea, mzee analala, aliyechoka mazungumzo anapanda kitanda cha juu anajifunika shuka. Sisi watu wa visiwani tuna faida moja: wazee wetu walijua kukaa chomboni wakingoja upepo. Treni ya masafa inataka tabia ile ile. Ukipanda nayo roho ya boti la saa mbili, utaumia. Ukipanda na roho ya jahazi, utastarehe.

Ziko treni gani hasa?

Nitakazozieleza ziko tatu, na watu wengi wa kwetu huzichanganya.

Ya kwanza ni treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa. Ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Hii haina vitanda wala haihitaji. Dar hadi Dodoma ni takriban saa tatu na nusu hadi nne. Ukivuka na boti la asubuhi, jioni unaweza kuwa Dodoma umeshakoga.

Ya pili ni ya Reli ya Kati, reli ya zamani yenye upana wa mita moja, inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza. Hapo ndipo penye kulala.

Ya tatu ni TAZARA, wengine huiita Reli ya Uhuru, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860. Ujenzi ulianza 1970, ukakamilika 1975, na reli ikakabidhiwa 1976. China ilitoa mkopo usio na riba, na ilileta mafundi na wafanyakazi kwa maelfu.

Iko pia treni ya kaskazini, ya Moshi na Arusha, iliyofufuliwa 2019 na 2020. Mimi sijaipanda, kwa hiyo sitaizungumzia.

Nitoke Unguja siku ile ile ya treni, au nivuke siku moja kabla?

Vuka siku moja kabla. Hapa sina mjadala.

Nilijifunza kwa gharama. Mwezi wa Julai, kusi limeshika, nilikata tiketi ya boti la asubuhi nikiwa na tiketi ya treni ya mchana wa siku hiyo hiyo. Bahari ikachafuka, boti likachelewa kuondoka, tukafika Dar mimi na mzigo wangu sote tumelowa chumvi, na treni ilikuwa imeshaondoka. Hakuna wa kumlaumu kwa upepo. Nililala Kariakoo siku tatu nikingoja nyingine, na pesa ya safari ikaishia kwenye nyumba ya wageni.

Kwa ndugu zetu wa Pemba ongezeni siku nyingine. Anayetoka Mkoani akipitia Unguja anavuka maji mara mbili, na maji yote mawili yana hiari yao.

Stesheni ziko mbali na bandari?

Stesheni ya SGR na ile ya zamani ya Reli ya Kati ziko karibu na bandari, bajaji inatosha. Ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, njia ya uwanja wa ndege, na foleni ya pale unaijua. Muombe Mungu na uondoke mapema.

Madaraja yakoje? Nikate lipi?

Kwenye Reli ya Kati, daraja la kwanza ni chumba cha vitanda viwili. La pili kulala ni vitanda sita, vitatu kila upande. Halafu kuna la pili kukaa, na la tatu. Kwenye TAZARA, la kwanza lina vitanda vinne na la pili sita.

Kwa mtu anayesafiri usiku kwa mara ya kwanza, namshauri daraja la pili kulala. Si kwa sababu ya bei peke yake. Chumba cha watu sita kina uhai. Nimesafiri na mwalimu wa Urambo, mfanyabiashara wa dagaa, askari mstaafu na kijana aliyekuwa anakwenda kuoa, na mpaka tunafika Itigi tulikuwa tunajua majina ya watoto wa kila mmoja.

Kitanda cha chini ni cha mzee na mwenye mtoto. Lakini kumbuka mchana kitanda cha chini ndicho kiti cha watu wote, kwa hiyo hutalala mpaka wenzio waridhike. Cha kati hukunjwa mchana. Cha juu ni chako saa zote, ila dari iko karibu na joto hupanda huko. Mimi huchagua cha juu.

Mimi ni mwanamke nasafiri peke yangu. Nitawekwa chumba kimoja na wanaume nisiowajua?

Hapana. Kwenye vyumba vya kulala wanawake hupangwa mbali na wanaume, isipokuwa familia au kikundi kikinunua chumba kizima. Tiketi yako ikikuingiza chumba cha wanaume kwa makosa, mwite mhudumu wa behewa kabla treni haijaondoka. Baada ya Pugu ni kazi kupanga upya.

Shangazi yangu wa Wete, aliyekuwa akiogopa hata kwenda Unguja peke yake, alikwenda Kigoma kumuona mwanawe akiwa kwenye chumba cha wanawake sita. Alirudi na mashoga wawili wa Kaliua ambao hadi leo wanapigiana simu Idi ikiingia.

Kuswali ndani ya treni inakuwaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nafurahi kuulizwa. Hukumu zake muulize sheikh wako, hasa kuhusu swala ya kusimama na kuelekea kibla chombo kikiwa kinatembea. Mimi nasema yale niliyoyaona.

Safari ni ndefu, kwa hiyo wengi hukusuru na kukusanya, yaani hufupisha swala na kuziswali mbili pamoja, adhuhuri na alasiri, magharibi na isha, wakivizia treni isimame stesheni kubwa. Usishuke kuswali mbali na behewa. Treni haipigi honi mara mbili. Chumbani pana nafasi ya mtu mmoja kusimama baina ya vitanda, na watu wa bara, Waislamu na Wakristo, hukupisha bila kuombwa. Niliwahi kuona mzee wa Kigogo, Mkristo, akitoa miguu yake kitandani na kuwaambia watoto wanyamaze mpaka nimalize.

Kibla ni rahisi kuliko unavyodhani. Kama kwetu Unguja, bara nako Makka iko kaskazini. Unavyozidi kwenda magharibi, geuka kidogo kuelekea mashariki. Ukifika Tabora au Kigoma ni kaskazini yenye kuinamia mashariki. Reli ya Kati inakwenda magharibi, kwa hiyo ukitazama mbele ya treni, kibla kiko upande wako wa mkono wa kulia. Inapinda njiani, ndiyo, lakini ukipoteza mwelekeo mchana jua linakurudisha.

Udhu ndio mtihani. Maji ya tangi la behewa huisha, mara nyingi usiku. Chukua chupa mbili kubwa za maji usizonywa, ziwe za udhu na za choo tu.

Na choo?

Kwenye mabehewa ya zamani ni cha kuchuchumaa na kinamwaga relini. Usikitumie treni ikiwa stesheni. Hapo chini kuna watu wanauza chakula. Beba kopo, sabuni na kandambili. Amka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya foleni.

Nibebe chakula gani?

Beba cha siku ya kwanza, kingine kinakungoja njiani.

Kwa usiku wa kwanza: mkate wa kumimina haukauki upesi, chapati, kachori, katlesi, samaki wa kukaanga aliyekauka vizuri na ndimu. Tende na halua ya kufungua midomo ya majirani. Usibebe chochote cha nazi mbichi. Joto la Morogoro litakiharibu kabla hujafika Kilosa. Urojo nimeona mtu akijaribu. Usijaribu.

Njiani sasa. Treni ikisimama, akina mama na watoto wanakuja dirishani na mabeseni vichwani: mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, miwa, kuku wa kuchoma. Tabora ni asali, na maembe kwa msimu wake. Kwenye TAZARA, ukipita bonde la Kilombero, Ifakara na Mlimba, ni ndizi na mchele. Ukipanda Makambako, viazi mviringo. Beba noti ndogondogo na chenji, kwa sababu mama wa dirishani hana chenji ya elfu kumi na treni haitamngoja.

Behewa la chakula lipo: wali, ugali, kuku, nyama, chai. Kwa desturi ya bara wachinjaji wengi ni Waislamu, lakini ukiwa na wasiwasi uliza; hakuna anayekasirika. Ukiona bado una shaka, kula maharage na mboga.

Ni kweli unaona wanyama ukiwa treni?

Kwenye TAZARA, ndiyo. Reli inapita kaskazini mwa eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, sehemu ambayo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Baada ya kutoka Dar es Salaam, kabla ya Kisaki, kaa dirishani. Nimeona twiga wamesimama mbali na njia wakitutazama kama sisi ndio tamasha. Pundamilia, nyumbu, nguruwe pori. Tembo mara moja, jua likizama, na behewa zima likanyamaza. Kuna safari nyingine hukuona hata swala. Ni bahati, na ni saa unayopita.

Lakini kwangu mimi wanyama si kilele cha njia ile. Kilele ni Mlimba hadi Makambako, reli inapopanda kutoka bondeni kwenda nyanda za juu. Reli nzima ina mahandaki zaidi ya 20 na madaraja yapata 300, na sehemu kubwa yake imejazana hapo. Daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu za mita 50. Treni inapinda mpaka kutoka behewa la nyuma unaiona injini yako mwenyewe ikiingia mlimani mbele. Mtu aliyekulia Unguja, ambako kilima ni kile cha kwenda Dole, hapo ndipo anapofahamu wanaposema Tanzania ni kubwa wana maana gani. Ukiweza, pita hapo mchana. Ratiba ikikupitisha usiku, amka hata hivyo, mlango wa behewa ukiwa umefungwa, na utazame taa za treni zikipiga kuta za mawe.

Kuna baridi?

Wapwani tunaidharau baridi kwa kuwa hatuijui. TAZARA inapanda hadi mita 1,789 karibu na Uyole, Mbeya. Juni na Julai, usiku, utajuta na kikoi chako. Chukua sweta zito, soksi, kofia na blanketi lako mwenyewe hata kama utapewa la treni. Mama wenye watoto wachanga, zidisheni mara mbili.

Wizi je?

Hatari iko stesheni za usiku, dirisha likiwa wazi. Mkono unaingia, simu inatoka. Treni ikipunguza mwendo baada ya magharibi, funga dirisha na uweke kibao au chupa ya kuzuia lisishushwe kwa nje. Mkoba wenye pesa na kitambulisho uwe mtoto wako wa kulala naye. Weka mzigo kitandani, si sakafuni karibu na mlango. Sijawahi kuibiwa na mtu wa chumba changu.

Treni ikisimama porini masaa kwa masaa, tufanye nini?

Itasimama. Njia ni moja katika sehemu nyingi, kwa hiyo treni moja humngoja mwenziwe apite. Kwenye Reli ya Kati, masika huleta jambo jingine: baina ya Kilosa na Gulwe njia inafuata bonde la Mto Mkondoa, na mto ukijaa hula tuta la reli. Kama unasafiri Machi hadi Mei, uliza hali ya njia kabla ya kukata tiketi.

Safari moja tulisimama tangu jua kuzama mpaka asubuhi, pahala pasipo na stesheni wala taa. Saa ya kwanza watu walilalamika. Saa ya tatu walinyamaza. Kufika usiku wa manane mama mmoja aliyekuwa na jiko la mkaa kwenye mzigo wake alishuka, akachemsha chai ya tangawizi kando ya reli, akauza mpaka sukari ikaisha. Mzee mmoja wa Chake ambaye sikujua yumo kwenye behewa letu akatoa kijungu cha halua ya Wete, akakipitisha kutoka mkono hadi mkono mpaka kikarudi kitupu. Alikuwa anakipeleka harusini. Alisema mwenye harusi atasamehe. Nyota za pale, mbali na umeme wowote, nilikuwa sijaziona tangu utotoni, Makunduchi, kabla hatujavutiwa waya.

Kwa hiyo: chakula cha akiba, maji ya akiba, pawabanki iliyojaa, dawa zako zote mkononi si ndani ya begi la juu, na ahadi yoyote ya siku ya kufika isogeze mbele siku moja. Usipange mtihani, maziko wala kesi ya mahakamani asubuhi ya kufika.

Tabora nabadilisha treni?

Kwa kawaida hubadilishi wewe, hubadilishwa mabehewa. Tabora ndiyo njia panda: mengine huelekea Kigoma, mengine Mwanza, na Kaliua kuna tawi la Mpanda. Ukishuka kununua asali, hakikisha unarudi behewa lako lenye namba yako. Nimemuona mtu anayekwenda Kigoma akiamkia Isaka.

Kwenda Zambia nahitaji nini?

Pasipoti. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hakivuki Tunduma. Ndani ya nchi vitambulisho hivyo au cha Taifa vinatosha, na kwenye SGR usikisahau, wanaangalia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo. Wabadilisha kwacha hupanda treni mpakani. Jua bei kabla hujatoa shilingi zako.

Ratiba na nauli?

Siandiki, kwa kuwa zitakuwa zimebadilika kabla hujamaliza kusoma. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA, na kazi ya namna hiyo husimamisha au kusogeza treni za abiria. Piga simu stesheni, au mtume jamaa wa Dar aende dirishani. SGR unakata kwa simu.

Ni kweli Unguja iliwahi kuwa na treni yake?

Ndiyo, na watoto wa skuli wafundishwe. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliweka reli ndogo ya kwenda kasri lake la Chukwani mwaka 1879, ikavutwa kwanza na nyumbu wa kufugwa (baghala), baadaye injini. Kisha 1905 ikaja reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, maili saba hivi kutoka Ngome Kongwe ikipenya vichochoro vya Mji Mkongwe hadi shamba. Magari yalipozidi, ikapoteza abiria, na mwisho wa miaka ya 1920 ikawa imekwisha.

Wengi husema Bububu imepata jina kwa mlio wa injini. Napenda hadithi hiyo lakini haiwezekani: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Unguja 1866, anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Jina lilikuwapo, treni ikalikuta.

Niende wapi kwa safari yangu ya kwanza?

Kama hujawahi kabisa, panda SGR hadi Morogoro urudi, uizoee stesheni. Kisha nenda Kigoma.

Nasema Kigoma kwa sababu ya sisi ni nani. Njia ile ni ile ile ya misafara iliyokuwa ikitoka pwani yetu kwenda Tabora na Ujiji. Wavumbuzi wa Kiingereza, Burton na Speke, waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Wajerumani wakaanza reli 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na miezi ikawa siku. Wazanzibari wangapi wana bibi wa Kimanyema, au babu aliyezaliwa Ujiji? Shuka Kigoma, chukua gari hadi Ujiji, utakuta kanzu, kofia za kiua, miembe mikubwa na Kiswahili ambacho nusu yake utadhani uko Ng'ambo, mjini Unguja.

Nirudi na nini?

Asali ya Tabora, kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kigumu, ndani ya mfuko mwingine. Mawese ya Kigoma kidogo. Migebuka mikavu, ukiifunga kwa karatasi na nailoni mara tatu, maana ndani ya boti lenye kiyoyozi harufu yake itakutambulisha kwa kila abiria kabla hujafika Malindi.